Kalamu Imeinuliwa, Haki Haikuinuliwa



Ndugu Waislamu, ukiuliza kwa nini mtoto mwenye ulemavu wa akili haletwi madrasa, utajibiwa haraka kwamba huyo kalamu imeinuliwa juu yake. Ni kweli, Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba asiye na akili timamu haandikiwi dhambi. Lakini kilichoondolewa ni hisabu ya dhambi tu. Haki yake ya kupendwa, kutibiwa na kufundishwa iko pale pale, na sisi ndio tutakaoulizwa.

Muslim amepokea kutoka kwa Anas (r.a.) kwamba mwanamke mwenye kasoro ya akili alimwambia Mtume (s.a.w.) kuwa ana haja naye. Mtume akamwachia achague njia aitakayo, akakaa naye mpaka haja yake ikaisha. Hakumsukumia mtu mwingine.

Tuache pia maneno ya jini na laana. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kuumia kabla ya kuzaliwa, wakati wa uzazi au utotoni, kwa mfano mtoto akikosa hewa. Hali ya Down hutokana na kromosomu moja ya ziada. Mama hana kosa. Dua tuombe, na hospitali twende.

Wazazi, mtoto wa miezi 9 asiyeweza kukaa, au wa miezi 18 asiyetembea, msingoje. Mwoneni mjumbe wa afya wa kijiji, kisha kituo cha afya. Mazoezi ya viungo yakianza mapema husaidia sana. Rwanda ina kituo cha Gatagara tangu mwaka 1960, na mwaka 2008 nchi iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa unaompa mtoto huyu haki ya kusoma.

Lakini mama wa Bweyeye anayekwenda Kamembe anavuka msitu wa Nyungwe na mtoto mgongoni. Akikosa nauli, haki hiyo inabaki kwenye karatasi. Hapo ndipo msikiti unapohusika. Familia masikini ipewe nauli kutoka katika zaka na sadaka. Ustadhi amwandikishe mtoto huyo madrasa, amfundishe hata Bismillahi peke yake kwa mwaka mzima. Akina mama wapokezane kumlea siku moja kwa wiki, mzazi apumzike.

Hayo yako ndani ya uwezo wetu. Tuanze Ijumaa hii, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.