Aliye mbali na Tura aandike wosia mapema

Misafara ya zamani kutoka Bagamoyo, ikishavuka pori la Mgunda Mkali, iliingia Unyamwezi kwa kupitia Tura. Richard Burton, aliyepita hapo mwaka 1857, aliandika kwamba jina hilo lina maana ya kutua mzigo. Tangu reli ilipofika Tabora mwaka 1912, Tura imekuwa pia mahali pa kuondokea. Wapo wanaoishia Dar es Salaam, na wapo wanaofika Lubumbashi, Muscat au London.

Wanaotoka hurudisha fedha. Shamba la tumbaku linapanuliwa, ng'ombe wananunuliwa, mashine ya kusaga inafungwa. Tatizo ni kwamba mwenye fedha hayupo, hivyo stakabadhi na hata mkataba wa kiwanja huandikwa jina la kaka au mjomba. Siku mwenye mali akifariki huko aliko, mjane anarudi na watoto na kukuta kwamba kwa karatasi mumewe hakuwa na kitu.

Hata karatasi zikiwa safi, pasipo wosia mjane bado yuko pabaya. Kanuni za urithi wa kimila zilizotangazwa mwaka 1963 kwa makabila ya ukoo wa baba zinasema mjane hana fungu iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Wajane wawili wa Shinyanga walizipinga mahakamani. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ilikubali kuwa zinabagua, lakini haikuzifuta. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia haki za wanawake ikaamua kuwa haki za wajane hao zilivunjwa. Ushindi huo ni mkubwa, ila hauondoi haja ya wosia.

Kanuni hizo za 1963 zinaruhusu wosia wa mdomo na wa maandishi. Wa maandishi unataka mashahidi wawili wanaojua kusoma na kuandika, mmoja wa ukoo na mmoja mtu baki. Kama mwenye kuusia hajui kusoma, wawe wanne. Hapa ndipo aliye Muscat anapokwama, maana ndugu wa ukoo atampata wapi? Jibu jepesi ni kuuandika akiwa likizo nyumbani, mke wake naye akiwapo na kutia sahihi. RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, husaidia kuandika wosia na kuutunza. Mwislamu akumbuke kuwa uhuru wake wa kuusia unaishia kwenye theluthi moja ya mali, na mrithi haongezewi kwa wosia bila ridhaa ya wenzake.

Lipo kosa jingine la watu wa ughaibuni. Fomu nyingi za wosia za nchi za nje huanza kwa maneno ya kufuta wosia wote uliotangulia. Mtu anaijaza kwa ajili ya nyumba yake ya London, kumbe amefuta na ule alioandika kuhusu shamba la Tura. Ardhi hufuata sheria ya mahali ilipo. Afadhali kila wosia utaje wazi unahusu mali ya nchi gani. Vilevile aliyechukua uraia wa nchi nyingine ajue kuwa hali yake kisheria kuhusu ardhi imebadilika, na apate ushauri wa mwanasheria kabla ya kuandika lolote.

Orodha ya mali nayo ina umuhimu wake. David Livingstone alipofariki kijijini kwa Chitambo mwaka 1873, Jacob Wainwright aliandika vitu vyote alivyoacha kabla Susi, Chuma na wenzao hawajaubeba mwili kupitia Tabora hadi Bagamoyo. Walijua wataulizwa. Mkulima naye aandike ekari ngapi na ziko kitongoji gani, ng'ombe wako kwa nani, nani anamdai na nani anadaiwa naye. Kwa shamba la kijiji, ombi la hati ya hakimiliki ya kimila lipelekwe serikali ya kijiji, kwa jina la mwenye shamba mwenyewe.

Mwisho, wosia umtaje msimamizi wa mirathi aliye nchini, mtu anayeweza kufika mahakamani bila kutafuta nauli ya ndege, na mtu huyo aambiwe mapema nakala iko wapi.