Jeni iliyonyamazishwa: tusome namna gani habari za dawa mpya ya SS?

Mwezi wa Novemba 2023 Uingereza ilikuwa nchi ya kwanza kuruhusu matibabu ya Casgevy, yanayogeuza jeni ndani ya seli za mgonjwa wa drepanositozi, ugonjwa ambao sisi tunauita SS. Desemba ya mwaka ule Marekani nayo iliruhusu, pamoja na matibabu mengine yanayoitwa Lyfgenia. Tangu wakati huo habari inazunguka katika simu zetu, na mara nyingi imetiwa chumvi. Wengine wanasema SS imekwisha. Wengine wanasema wanasayansi wanaharibu kazi ya Mungu. Kongo ni kati ya nchi tatu ambamo watoto wengi zaidi duniani huzaliwa na SS, pamoja na Nigeria na India. Kwa hiyo, wapendwa, habari hii inatuhusu, na inafaa tuielewe.

Karibu kila seli ya mwili ina maandishi yote ya urithi, lakini haisomi yote. Seli ya ini na seli ya ngozi zina jeni zilezile. Tofauti ni zipi zimefunguliwa na zipi zimefungwa. Shida ni kwamba seli inaweza kuifunga pia jeni ambayo wanasayansi wameiingiza. Mwaka 1990 watafiti wa Marekani walitangaza kwamba waliongeza jeni ya rangi katika ua la petunia, wakitaka zambarau iliyokolea. Mimea mingine ikatoa maua meupe kabisa: ilikuwa imenyamazisha jeni mpya pamoja na ile yake ya asili. Seli ina sababu ya kujilinda hivyo, maana virusi navyo huingia vikibeba jeni zao.

Kwa binadamu jambo hili lilileta msiba. Kule Frankfurt, Ujerumani, watu wazima wawili wenye ugonjwa wa kurithi wa kinga waliwekewa jeni nzima, ikibebwa na virusi vilivyodhoofishwa. Mwanzoni walipata nafuu. Baadaye seli zao zilitia alama za kikemia kwenye swichi ya jeni ile, nayo ikanyamaza. Kipande kingine cha virusi kiliendelea kufanya kazi, kikawasha jeni jirani na kuharibu uboho wa mifupa. Mmoja wao alikufa kwa maambukizo.

Ndiyo sababu watafiti walibadili njia. Siku hizi hutumia swichi inayotoka katika jeni za mwanadamu badala ya swichi ya virusi. Wengine huweka vipande vya ADN vinavyosimama kama ukuta kati ya jeni mpya na majirani zake, au huchagua mahali panapojulikana pa kuipanda. Lyfgenia huleta jeni ya hemoglobini ikiwa na swichi za hemoglobini yenyewe, ili seli za damu ziendelee kuisoma.

Casgevy hailetei mwili jeni mpya. Mtoto akiwa tumboni hutumia hemoglobini ya namna nyingine, na baada ya kuzaliwa mwili huinyamazisha polepole. Mwaka 1948 munganga wa watoto wa New York, Janet Watson, aliona kwamba watoto wachanga wenye SS wana seli chache sana zilizopinda, akafikiri hemoglobini ile ya tumboni ndiyo inayowalinda. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba protini inayoitwa BCL11A ndiyo inayoifunga. Casgevy hukata swichi ya protini hiyo katika seli za damu, na jeni aliyozaliwa nayo mgonjwa inaanza kusomwa tena. Mayai na mbegu za uzazi havikuguswa. Aliyetibiwa bado anaweza kumpa mtoto wake jeni ya SS.

Lakini tuseme ukweli juu ya bei. Huko Marekani Casgevy ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, na Lyfgenia ni milioni 3.1. Kwanza uboho huondolewa kwa kemoterapi kali inayoweza kuleta utasa, na mgonjwa hulala hospitali majuma mengi. Mtu akija Butembo au Uvira kuwauzia wazazi "dawa ya jeni" katika chupa, anawadanganya.

Je, kwetu hakuna tumaini? Lipo, na linafuata kanuni ileile. Hidroksiurea, kidonge cha zamani, huufanya mwili utengeneze tena ile hemoglobini ya tumboni. Kilijaribiwa kwa watoto zaidi ya 600 huko Kinshasa, Angola, Kenya na Uganda, na matokeo yalitangazwa mwishoni mwa 2018: vifo na kuongezewa damu vilipungua kwa karibu theluthi mbili, malaria kwa karibu nusu. Kinahitaji munganga na vipimo vya damu mara kwa mara, kisinunuliwe ovyo. Lakini bei yake haihesabiwi kwa mamilioni.

Basi vituo vya afya vya makanisa yetu viulizwe: je, mtoto mchanga anapimwa? Hidroksiurea ipo? Chandarua, chanjo na penisilini vinamfikia mtoto wa SS hata barabara zinapofungwa na vita? Vijana wanaotaka kuoana wajue kama ni AA au AS kabla ya mahari, bila kuaibishwa.

Tena kuna neno la madhabahuni. Katika Yohana 9 wanafunzi walitafuta nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, na Yesu akakataa ulizo lao. Bado kuna nyumba ambamo bibi anaitwa mchawi kwa sababu mjukuu anaumwa mifupa, na mama anafukuzwa, wakati mtoto amepokea jeni moja kwa baba na moja kwa mama. Kufungua jeni iliyofungwa kunahitaji maabara ya mbali. Kumwondolea mama huyo mashtaka kunaweza kuanza kwenye mahubiri ya Jumapili hii.