Mvua ya mawe njiani: bashe ni ya nani?



Mwezi wa Novemba 2021 nilisafiri kwa kamyo kutoka Likasi kwenda Kolwezi. Mimi nilikaa kabini, nafasi ya wageni. Juu ya mifuko ya mahindi walikaa mama watatu na watoto. Nyuma ya saa nane mbingu ikawa nyeusi, na mvua ya mawe ikaanza. Shofa akasimama, akatoa bashe, akafunika kapo na kioo cha mbele. Mimi nilimsaidia kuifunga kamba. Ndipo sauti ikatoka juu: «Baba Pastere, na sisi je?» Tukaifungua kwa haya. Mtoto mmoja alikuwa amekwisha kupasuka kichwa. Kidonda kilikuwa kidogo, lakini ile sauti ningali ninaisikia.

Basi, tujifunze mbele ya safari.

Mvua ya mawe inatoka katika wingu refu, jeusi, lenye radi. Ndani yake upepo unapanda kwa nguvu, unabeba matone mpaka kwenye baridi kali, yanaganda na kuongezeka unene. Mara nyingi inakuja nyuma ya saa sita, na haikawii: dakika chache, imepita. Kwa hiyo ukiona wingu la namna ile mbele yako, ngojea mahali penye nyumba. Kuchelewa nusu saa si hasara.

Ikikukuta barabarani, usikimbize mutuka. Jiwe la sentimeta tatu au ine linaweza kuanguka kwa mwendo wa kilometa 40 mpaka 65 kwa saa. Nawe ukienda mbio kulielekea, unaliongezea nguvu ya kuvunja kioo. Punguza mwendo, washa taa, toka kabisa barabarani. Usisimame chini ya mti: matawi yanaanguka, na radi inapenda miti. Usisimame katika bonde pa kupitia maji.

Ukiweza, geuza uso wa mutuka upande mawe yanakotoka. Kioo cha mbele kimefanywa kwa vioo viwili vilivyogandamana na plastiki katikati. Kinapasuka lakini hakimwagiki upesi. Vya pembeni na vya nyuma, mara nyingi, vinavunjika vipande vipande. Watoto wageuze migongo kwa vioo, wafunikwe macho kwa kitenge. Mkae ndani, milango ifungwe.

Blanketi nzito, godoro ao makartoni yanasaidia kulinda kapo na vioo, lakini yafungwe mbele mawe hayajaanza. Yakiisha kuanza, usitoke kwa ajili ya bati.

Na wale wa juu ya mizigo? Hao washuke kwanza, wingu lingali mbali, waingie kabini ao katika nyumba ya karibu. Kama hakuna nyumba, bashe ni yao, ikunjwe mara mbili, na magodoro juu ya vichwa.

Bati lililobonyea, fundi atalinyoosha kwa nyundo. Kioo kinanunuliwa, hata kikiwa bei kali. Kichwa cha mtoto hakiuzwi katika soko lolote la Kolwezi.

Wewe unayekaa kabini, usingoje kuitwa kutoka juu. Uliza wewe kwanza: bashe iko wapi, na ni ya nani?

Tuonane mwezi ujao.