Mazuri ya Mungu, Mabaya ya Shetani, Mkataba wa Menejimenti... Wewe Uko Wapi?

Sikiliza intavyuu tatu tu za mastaa wa Bongo, wiki yoyote ile, halafu hesabu. Wimbo umebamba? "Ni Mungu tu." Kafumaniwa, kampiga mtu, katukana mtandaoni? "Shetani alinipitia." Penzi la kutengeneza ili apate kiki? "Menejimenti ndiyo ilitaka." Ukijumlisha unakuta mtu mzima, ndevu zimejaa, hajawahi kufanya kitu chochote maishani mwake. Mungu kafanya, shetani kafanya, meneja kafanya. Yeye alikuwepo tu, kama mzigo kwenye bodaboda.

Isieleweke vibaya, kumshukuru Mungu ni jambo jema. Lakini msikitini na kanisani mtu anafundishwa kutubu, na anayetubu ni aliyetenda. Kama kila kitu kilipitia kwako bila wewe kujua, unatubu nini sasa?

Chukua mwanadada mmoja, jina kapuni, ambaye kwa misimu minne alicheza kimada kwenye tamthilia iliyokuwa inatuliza mitaa usiku. Alicheza vizuri mno mpaka ikawa balaa. Sokoni mama mmoja alimfuata na kapu lake mkononi: "We dada, waume za watu watakuponza!" Saluni aliitwa kwa jina la kwenye tamthilia, akawa anaitika. Akaanza kuvaa kama yule kimada hata akienda msibani, kwa sababu akitupia picha na dera la kawaida watu wanaandika "mbona umechoka?" Jina lile lilimlipia kodi ya nyumba, likamnunulia na gari. Si jambo dogo.

Halafu siku moja akaonekana na sare ya chuo. Anasomea ukunga. Chini ya picha kaandika neno moja: "Nimeamua."

Ikawa kesi. "Kafulia huyo." "Karogwa." "Kaachwa na mume wa mtu." "Kiki hiyo, subirini filamu inakuja." Mwingine, kwa upole kabisa: "Dada angu rudi kwenye kusudi lako, Mungu alikuumba uigize." Ukishuka mpaka komenti ya mwisho, ni wachache mno waliolichukua lile neno kama lilivyo. Angesema kaoteshwa ndotoni, wangeandika Amina. Angesema karogwa kweli, wangempa namba ya mchungaji. Angesema katimuliwa, wangempa pole. Aliposema kaamua mwenyewe ndipo akaonekana muongo!

Ni kweli uamuzi wake haukutokea hewani. Wanaomfahamu wanasema mama yake amezalisha wanawake kijijini miaka mingi, na malipo ya tamthilia nayo yalikuwa yanachelewa. Wajuaji wakarukia hapo hapo: "Unaona? Njaa tu hiyo, hajaamua lolote." Hoja haisimami. Waigizaji wenzake walicheleweshewa malipo yaleyale. Mmoja kafungua duka la wigi, mwingine anauza viwanja mtandaoni, wengine wapo tu wanasubiri. Dada yake wa tumbo moja, mtoto wa mkunga yuleyule, anauza vipodozi Kariakoo. Shida iliwasukuma wote, ila kila mmoja katokea mlango wake.

Na asivishwe utakatifu pia. Huyu huyu, miaka miwili nyuma, alimrushia mwenzake chupa kwenye bethdei, na alipohojiwa redioni akajibu kilekile cha wote: shetani alimpitia. Hapana. Kama ukunga ni uamuzi wake, basi na ile chupa ni yake. Huwezi kudai moja ukakimbia nyingine, maana mkono ni uleule.

Tatizo lingine ni hili neno kusudi. Siku hizi linauzwa. Unalipa kiingilio, unapewa maji ya chupa na daftari, halafu jamaa mwenye suti inayobana anakwambia kusudi lako lilikuwepo tangu tumboni mwa mama, kazi yako ni kuligundua. Kijana wa miaka 27 anayeendesha bajaji ya mtu anatoka pale anajiona kapotea, kwa kuwa hajagundua kitu. Na yule ambaye watu wameshamgundulia la kwake haruhusiwi kuondoka. Ndicho kilichomkuta mwanadada. Walimpa kusudi wao, likageuka kuta nne. Hakuna aliyemuuliza alikuwa nani kabla ya msimu wa kwanza.

Ukunga nao haukuwa umejificha mahali ukimsubiri. Diploma ni miaka mitatu, kuna zamu za usiku, kuna damu, kuna wajawazito wanaomtukana uchungu ukikolea. Ukija kuwa wake, utakuwa wake kwa sababu aliamka jana, akaamka tena leo wakati angeweza kulala.

Wanaodhani haya ni mambo ya Bongo wamkumbuke Prince wa Marekani. Lile halikuwa jina la kujipachika. Alizaliwa Prince Rogers Nelson, na wazazi walilitoa kwenye jina la jukwaani la baba yake, mwanamuziki wa jazz. Mwaka 1992 akasaini mkataba mnono na kampuni yake ya rekodi. Mwaka 1993 akalitupa jina, akajiita alama isiyotamkika, na akawa anatokea hadharani kaandika "mtumwa" shavuni kwa Kiingereza, kwa sababu kampuni ndiyo ilimiliki rekodi zake na ilimbana asitoe kazi kwa kasi aliyoitaka. Watangazaji ikabidi waseme "msanii aliyekuwa akiitwa Prince". Watu walicheka sana, mtumwa gani ana majumba? Na kweli kalamu ya kusaini aliishika mwenyewe. Lakini aligombana na saini yake miaka na miaka, mbele ya watu, akakubali kuitwa chizi. Jina alilirudisha mwaka 2000. Mwaka 2014 akaelewana na kampuni ileile, safari hii rekodi zake za zamani zikirudi mikononi mwake.

Hapa nyumbani wapo waliolipa mamilioni kutoka kwenye lebo, na yupo aliyesema wazi kwamba ilibidi auze mali. Mpaka leo kuna mashabiki wanamwita hana shukrani. Shukrani kwa nani, hata haieleweki, maana walioshukuriwa wameshalipwa.

Juzi kati zimevuma habari kwamba mtayarishaji anamtaka mwanadada arudi msimu wa tano, na dau limepanda. Yeye hajajibu, yuko kwenye mitihani. Kwenye ukurasa wake wameshamjibia: "Atarudi tu huyo, hana ujanja."