Oili ya Kupima
Wiki hii, karibu na Uwanja wa Kambarage hapa Shinyanga, fundi alifungua kifuniko cha tapeti cha bodaboda iliyokuwa ikigonga ta-ta-ta. Ndani mlikuwa na tope jeusi, zito kama uji wa ulezi. Dereva wake amezoea oili ya kupima, ile ya kwenye chupa ya maji. Weusi peke yake si kosa: wengi huogopa oili ikibadilika rangi mapema, kumbe oili nzuri huwa nyeusi kwa kuwa inabeba masizi badala ya kuyaacha yagande kwenye vyuma. Na maandishi 20W-50 si urembo wa kopo: asubuhi oili hiyo huwahi kufika juu ya injini, na injini ikichemka haiwi nyepesi kama maji. Injini hailii bure. Kumpimia kijana kwenye chupa ya maji oili iliyokwisha kutumika ni kumwibia mtaji. Ndugu dereva, nunua kopo ambalo lakiri yake haijavunjwa.