MLANGUZI ACHORWE, ACHEKWE, KISHA APIMIWE

Katika Wilaya za Mbulu na Hanang wako watu wavunao pasipo kulima. Mmoja huja na fedha taslimu wakati shamba la vitunguu saumu lingali bichi, akalinunua lote kwa bei ya shida ya mwenye shamba, maana ajua kwamba bei itapanda. Mwingine huja na lumbesa, gunia lililoshonewa kilemba, akalilipia kama gunia moja. Sheria ya vipimo hairuhusu gunia lipite kilo 100. Lakini sheria imelala kitabuni, na lumbesa yapita barabarani mchana kweupe.

Silaha moja ya kumwumbua mtu huyo ni picha ya dhihaka iliyochapwa. Si jambo geni. Mwaka 1720, huko London, watu waligombania hisa za Kampuni ya Bahari ya Kusini. Hisa ya pauni 128 hivi mwezi Januari ilifika karibu pauni 1,000 katikati ya mwaka, kisha ikaporomoka, na wengi wakafilisika. Mwaka 1721 kijana William Hogarth alichonga picha katika bamba la shaba: umati wazungushwa juu ya bembea, Uaminifu avunjwa mifupa juu ya gurudumu, Heshima achapwa mijeledi. Hata asiyejua hesabu za hisa aliweza kuielewa.

Kwetu nako, katika siku za Azimio la Arusha la mwaka 1967, mnyonyaji aliitwa kupe, na kila mtu akamwona kwa macho ya akili. Naye Christian Gregory, kwa Chakubanga wake katika gazeti la Uhuru, alionyesha kuwa mchoro mdogo waweza kusema mengi.

Basi vijana wa shule za Mbulu na Katesh wafundishwe kuchonga ubao, kupaka wino na kuchapa. Wamchore mlanguzi akishona kilemba cha gunia, jasho la mkulima likimiminikia ndani. Picha zibandikwe minadani, chini yake pameandikwa: Kilo 100, basi.

Wala si kila mfanyabiashara ni mlanguzi. Apimaye kwa haki ni mwenzetu. Tena picha haijazi ghala: mkulima mwenye shida atauza hata akijua kuwa anapunjwa, maadamu hana pa kukopa kwa haki. Kwa hiyo vyama vya ushirika na wakaguzi wa mizani hawana budi kuifuata picha kwa vitendo. Lakini mwizi achekwaye na soko zima hupungukiwa na ujasiri. Na tuanzie hapo.