Siku Tisini Si Miezi Mitatu



Mama mmoja wa hapa Mombasa alisafiri mwaka juzi kwenda Ujerumani kumlea binti yake aliyekuwa amekaribia kujifungua. Alichukua habasoda, pilipili manga iliyosagwa na kanga mpya za mzazi. Alimkanda mwanawe kwa maji ya moto mpaka arubaini ikatimia, kisha akakaa zaidi, maana mtoto alikuwa mchanga na baba yake hushinda kazini. Mkwe ndiye aliyekata tiketi. Alikuwa ameambiwa kwamba viza ya mama ni ya miezi mitatu, naye akahesabu miezi mitatu: kufika tarehe 1 Julai, kuondoka tarehe 30 Septemba. Siku ya kurudi, afisa wa uhamiaji aliipekua pasipoti, akaondoka nayo, akarejea na karatasi ya kutiwa saini. Mama alikuwa amezidisha siku mbili.

Hakufungwa wala hakutukanwa. Lakini alipoomba viza tena, binti akiwa na mimba ya pili, alikataliwa kwa shaka kwamba hangerudi kwa wakati. Mjukuu wa pili alipokewa na wauguzi na jirani. Mama huyo ametupa ruhusa tukieleze kisa chake pasi na kumtaja jina, kwa kuwa anajua wengi wetu tuna mabinti ng'ambo na tunajiandaa kwa safari kama hiyo.

Kosa lilikuwa katika hesabu. Nchi 29 za Ulaya zilizomo katika mkataba wa Schengen humruhusu mgeni kukaa siku 90, wala si miezi mitatu. Julai ina siku 31, Agosti 31, Septemba 30. Jumla ni 92. Siku ya kuingia huhesabiwa, na ya kutoka huhesabiwa. Aliyeingia tarehe 1 Julai, siku yake ya tisini ni tarehe 28 Septemba. Tena si kila mtu hupewa siku zote 90. Kwenye kibandiko cha viza mna mambo mawili yanayochanganywa mno: tarehe ambazo viza inafaa kutumika, na idadi ya siku za kukaa. Viza yaweza kuwa hai kwa miezi kadhaa, na siku za kukaa zikawa 30 tu. Mwenye kutazama tarehe ya mwisho peke yake hujiona ana nafasi kumbe siku zake zimekwisha.

Kuna na mtego wa saa, ambao sisi watu wa pwani tunauingia kwa urahisi. Kwetu siku huanza magharibi; kwa wenzetu wa uwanja wa ndege huanza saa sita ya usiku. Tiketi iliyoandikwa nusu saa baada ya saa sita ya usiku, tarehe 29, mtu huiona ni safari ya usiku wa tarehe 28. Ikiwa saa sita itapita kabla hajagongewa muhuri wa kutoka, amekwisha kuingia siku ya 91. Sisi tungemshauri mama aondoke wiki nzima kabla ya mwisho. Ndege huahirishwa, na tiketi ya dharura ni ghali.

Wako wanaodhani kwamba wakivuka kwenda Uholanzi au Ufaransa kumtembelea shangazi, hesabu huanza upya. La, nchi hizo zote ni hesabu moja. Wala kurudi Mombasa wiki moja hakuifuti, kwani siku 90 hupimwa ndani ya siku 180 zilizotangulia kila siku unayokuwa huko. Aliyezitumia zote kuanzia tarehe 1 Julai hadi 28 Septemba hana siku mpya mpaka tarehe 28 Disemba, na hapo viza yake nayo iwe bado hai. Tangu Oktoba 2025 nchi hizo zimeanza kuandikisha wageni kwa alama za vidole na picha ya uso mahali pa muhuri, na mashine ndiyo inayohesabu. Zamani afisa angeweza kutouona muhuri uliofifia. Mashine haina macho ya kuchoka.

Jambo linalotusikitisha zaidi ni kwamba mama zetu wengi husafiri bila kuijua tarehe yao. Pasipoti hutiwa katika kabati la mkwe siku ya kwanza, haitolewi mpaka siku ya kurudi. Tunawaheshimu wakwe, na wengi wana nia njema. Hata hivyo jina lililo katika pasipoti ni la mama, na anayenyimwa viza ni yeye. Aombe kibandiko kisomwe mbele yake, ahesabu mwenyewe kwa kalenda na kalamu, aiandike tarehe ya mwisho mahali atakapoiona kila asubuhi anapopika uji.

Maradhi yakizuka, au mzazi akapasuliwa na hali ikawa nzito, asikae kimya akitumaini kuhurumiwa uwanjani. Ombi la kuongezewa siku hupelekwa kwa ofisi ya uhamiaji ya mji ule kabla siku hazijaisha, pamoja na barua ya daktari. Likipelekwa baada ya hapo, hata sababu ya kweli huonekana kisingizio.

Kwingineko sheria ni nyingine. Uingereza kwa kawaida mgeni hukaa hadi miezi 6 kwa kila safari, hata viza ikiwa ya miaka 10. Marekani tarehe ya kuangalia ni ile aliyopewa mtu alipoingia, si ya kwenye viza. Aliyezidisha siku zaidi ya 180 kisha akaondoka huzuiwa miaka 3, na aliyezidisha mwaka mmoja au zaidi huzuiwa miaka 10. Dubai hutozwa dirham 50 kwa kila siku iliyozidi, na familia ya watu watano hulipa mara tano.

Na wale wanaokwenda Umra mwezi wa Ramadhani, wakanong'onezwa kwamba wabaki Makka kimyakimya mpaka Hija: wasikubali. Serikali ya Saudia hutangaza siku ya mwisho ya wenye viza ya Umra kuondoka kabla ya msimu wa Hija. Mwaka 2025 ilikuwa tarehe 29 Aprili. Anayebaki hukabiliwa na faini inayoweza kufika riyal 50,000, kifungo cha hadi miezi 6 na kurudishwa kwao. Viza ya Umra haimpi mtu Hija. Mwenye nia ya Hija arudi nyumbani, akae na watu wake, ajiandikishe kwa njia yake.

Wassalaam.